Vipande Kwenye Kiganja

Neno lililonigharimu lilikuwa "vingi."

Ilikuwa saa nane za usiku, jangwani Oman, nami nimesimama kwenye machekeche huku tope la moto likinirukia viatuni. Machekeche ya mtambo wa kuchoronga mafuta hayatofautiani sana na chekeche la unga la mama yangu: wavu unatikiswa, kilicho laini kinapita, kikubwa kinabaki juu. Tope hushuka ndani ya bomba, likatoka kwenye matundu ya keekee inayokata mwamba, likapanda nje ya bomba pamoja na chembe za mwamba uliokatwa, likamwagika pale. Kazi yangu ilikuwa kulipima uzito kila robo saa na kuangalia kilichobaki juu ya wavu. Usiku ule kilichobaki kilizidi kawaida. Nikachukua simu ya upepo, nikamweleza mkubwa wa zamu, kwa Kiingereza changu cha kuokoteza, kwamba vipande ni vingi. Akanishukuru, akaamuru tope liongezwe uzito.

Siku tisa baadaye tulilikata bomba, tukaiacha sehemu yake kule chini milele, tukaziba kwa saruji na kuanza kuchoronga ubavuni. Hakuna aliyenilaumu. Taarifa ya kazi ilionyesha kwamba mtu wa machekeche alitoa habari kwa wakati. Mimi tu ndiye niliyejua kwamba nilitoa habari ya uongo bila kusema uongo.

Nilifika Oman kwa njia ya Waunguja wengi: ndugu alikuwa na ndugu, naye alikuwa na jirani aliyemjua mtu kwenye mitambo. Nilikuwa na cheti cha ufundi mitambo na mikono isiyoogopa uchafu. Zamu yangu ya kwanza niliangukia kwa mchorongaji mmoja mzee, Muomani mzaliwa wa Malindi, Unguja, mmoja wa wale waliokwenda Maskati baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970 na kuwaita Waomani waliokuwa nje. Kijana aliyesoma skuli za Unguja na kujua Kiingereza hakuchelewa kupata kazi wakati ule. Aliponisikia nikinung'unika peke yangu juu ya joto, akageuka: "Kumbe mtu wa nyumbani!" Tangu siku hiyo nilimwita Ami, naye akaniita mwanangu, na kazi yote tukaifanya kwa Kiswahili.

Ami alipenda kuhadithia habari za Fahud. Kisima cha kwanza kilianza kuchorongwa pale mwaka 1956, kikaachwa kikavu. Mwaka 1964 mafuta yakapatikana palepale Fahud, si mbali na lile shimo lililotelekezwa, na mwaka 1967 meli ya kwanza ikayachukua. "Walikuwa wameshafika mlangoni," alisema, "wakabisha nyumba ya jirani." Kisha humimina kahawa ya iliki kwenye kikombe kisicho na mkono na kunyamaza, kana kwamba hasara ile ilikuwa ya jana.

Somo lake la kwanza kwangu lilikuwa swali. Tulikuwa juu ya sakafu ya mtambo, bomba linazunguka, akaonyesha chini kwa kidevu.

"Pale tunapotoboa palikuwa na nini?"

"Mwamba, Ami."

"Mwamba ule ulikuwa unafanya nini?"

Nikacheka. Mwamba unafanya nini? Umekaa tu.

"Umeshikilia wenzake," akasema. "Juu yake kuna uzito, pembeni kuna msukumo, naye yuko katikati amebeba. Sasa wewe umemtoa. Umemwondoa mtu aliyekuwa ameshika paa. Nani ameshika sasa?"

Jibu ni tope. Watu hudhani kazi ya tope ni kupoza keekee na kubeba uchafu, na kweli hufanya yote hayo. Lakini kazi yake kubwa ni kukaa mahali pa mwamba uliotolewa na kuzisukuma kuta zisije ndani. Ukiwa umefika mita 1,500 kwenda chini, maji matupu yaliyojaa shimoni husukuma kila sentimita ya mraba ya ukuta kwa uzito wa kilo 150. Tope letu lilikuwa zito kuliko maji kwa kipimo cha 1.20, kwa hiyo lilisukuma kwa kilo 180. Sentimita ya mraba ni kiasi cha ukucha wa kidole gumba. Weka juu ya ukucha huo magunia mawili ya mchele ya kilo 90, utajua tope lilikuwa linafanya kazi gani bila kuonekana.

Basi si ungelifanya zito kabisa, ukatia unga mzito wa baraiti mpaka kijiko kisimame, ukalala usingizi? Hapana. Mwamba nao una kiasi chake. Tope likipungua uzito, kuta huporomoka, au mafuta na gesi vilivyofungiwa mwambani husukuma kuingia shimoni, na kisima kinapiga teke. Tope likizidi uzito, linaupasua mwamba na kukimbilia kwenye nyufa, na ulilodhani limejaa shimoni unakuta linashuka. Katikati ya mipaka hiyo miwili ndimo unamopita. Mimi nilifananisha na vichochoro vya Mji Mkongwe: mahali pengine mkokoteni unapita na watu wawili pembeni, mahali pengine mkikutana na mkokoteni lazima mmoja arudi kinyumenyume. Kila mita unayoshuka, kichochoro kinabadilika upana.

Tena hakitulii. Pampu zikiwashwa, tope linalopanda linasuguana na kuta, na msukumo kule chini unaongezeka, zikizimwa unapungua. Ukivuta bomba kwa pupa, keekee inafyonza kama bomba la sindano, na kwa dakika chache kuta zinakosa mshikizi. Ukilishusha kwa pupa, unalisukuma tope likapasua mwamba. Kwa hiyo unaweza kuwa na tope la uzito sahihi kabisa, umelipima mara tatu kwenye mizani, na bado ukaharibu kisima kwa mkono wenye haraka. Ami alikuwa anavuta bomba kama mtu anayetoa mtoto aliyelala mgongoni mwa mamaye.

Mwamba uliotutesa ulikuwa na jina: Nahr Umr. Umepewa jina la mahali kusini mwa Iraki, lakini umetandaa chini ya sehemu kubwa ya Ghuba, na wachorongaji wa Oman wanaujua kama mabaharia wanavyojua mkondo mbaya. Ni mwamba uliotokana na tope la bahari la zamani mno, umegandamizwa tabaka juu ya tabaka kama chapati zilizopangwa kwenye sinia. Juu yake kuna mawe ya chokaa ya Natih, chini yake chokaa ya Shuaiba, na mara nyingi mafuta unayoyataka yako Shuaiba, kwa hiyo hapa katikati lazima upite. Ukiupita wima, husumbua kidogo. Ukiupita kwa mshazari, kama tulivyofanya tuweze kulala ndani ya Shuaiba na kufuata mafuta kwa ubavu, unazikata zile chapati upande wake dhaifu.

Usiku wa kwanza ndani ya Nahr Umr, na Ami akiwa zamu, niliona vipande kwenye machekeche. Nikampigia.

"Ami, kuna vipande."

"Vipande vya nini, vya mkate? Niletee."

Nikachota kiganja kimoja, nikavisuuza, nikapanda ngazi za chuma, ngazi ishirini na tano ambazo ukizipanda na buti zilizojaa tope unazihesabu. Alivipokea chini ya taa. Havikuwa chembe zilizosagwa na keekee. Hizo huwa ndogo na zina alama za meno. Hivi vilikuwa vikubwa kama punje za mahindi mpaka kidole, vimevunjika huku na huku, vina kona kali pande zote.

"Kokoto," nikasema.

"Kokoto. Hapa mwamba umezidiwa na mzigo, umevunjika wenyewe kwa sababu hatujausukuma vya kutosha. Ongeza uzito, kidogo kidogo."

Tukaongeza. Kabla ya zamu kuisha machekeche yalikuwa yametulia. Akanifundisha siku ile aina nyingine mbili, akichora kwa kidole kwenye vumbi la meza. Kuna vipande virefu vyembamba, vilivyopinda kama kipande cha kifuu cha nazi. Hivyo hubanduka mahali ambapo presha iliyofungiwa ndani ya mwamba imeushinda uzito wa tope. Ukiviona, punguza mwendo na uongeze uzito mapema, maana anayevisukuma anaweza kuja mwenyewe nyuma yake. Na kuna bapa. Bapa ni sawa juu na chini kama kigae cha sakafu, kwa sababu hakuvunjika leo. Ufa wake ulikuwapo tangu zamani, baina ya tabaka na tabaka, na wewe umeufungua tu.

"Bapa ukimwongezea uzito anafurahi," alisema Ami. "Tope linapita nyuma yake. Likishafika nyuma, linamsukuma mbele na nyuma sawasawa. Hakuna anayembana tena. Bomba likigusa, anashuka."

Dawa ya bapa ni kinyume kabisa: uache uzito ulivyo, uweke kwenye tope unga wa chokaa uliochaguliwa ukubwa wake ili uzibe nyufa, upunguze kuzungusha bomba kwa fujo, na upite haraka ukashushe kesingi, lile bomba la chuma la kufunika kuta, kwa sababu mwamba ule haupendi kukaa wazi. Kila siku unayochelewa, maji ya tope yanazidi kupenya, naye anazidi kulegea. Shimo wazi lina saa yake.

Kisima kilichofuata Ami alikuwa likizo. Mkubwa wa zamu alikuwa mtu wa mbali, mpole, mjuzi, aliyezoea miamba ya bahari nyingine. Kampuni nayo, kama kampuni zote, ilikuwa na haraka. Mtambo unalipiwa kwa siku, na siku haina huruma. Hapo ndipo ilipofika ile saa nane za usiku.

Niliviona. Hilo ndilo linalonirudia. Nilikiokota kimoja, kikubwa kama kadi ya simu, nikakipitisha kidole juu: laini. Nikakigeuza: laini. Akili yangu ikasema *kigae* kabla sijaiuliza. Lakini kwa Kiingereza sikuwa na kigae, wala kifuu, wala kokoto. Nilikuwa na kingi na kidogo, moto na baridi, simamisha na endelea. Kwa Ami ningesema sentensi moja. Kwa huyu nilitafuta neno, simu ya upepo ikikoroma mkononi, nikaona aibu ya kigugumizi, nikasema nilicho nacho: vipande vingi.

Naye, akikumbuka kisima kilichopita ambako vipande vilitulizwa kwa uzito, akafanya kama mtu yeyote mwenye akili angefanya kwa habari ile. Tope likatoka 1.20 kwenda 1.26. Ni kilo tisa tu juu ya ule ukucha wa kidole gumba. Kwa saa moja hivi vipande kwenye machekeche vilipungua, lakini kinachoonekana juu si cha sasa; kwa urefu wa shimo lile kilichukua karibu dakika 40 kupanda. Kisha vikaja tena, zaidi, na vikubwa zaidi. Likaongezwa hadi 1.32.

Alfajiri nilikuwa naangalia kipimo cha tangi la tope, na kikashuka. Sikuamini, nikagonga kioo. Kikashuka tena. Juu kule, kwenye chokaa ya Natih ambayo kesingi ilikuwa haijaifunika, uzito mpya ulikuwa umefungua nyufa, na tope lilikuwa linaondoka. Likiondoka juu, kimo chake shimoni kinapungua, na kimo kikipungua ule ukuta wa chini uliokuwa unashikiliwa unaachiwa ghafla. Tukapoteza tope kwa sababu ya uzito, na kuta zikaanguka kwa kukosa uzito, vyote asubuhi moja. Nikasikia mota inayozungusha bomba ikikaza sauti, ikazama chini kama gari kwenye mchanga, ikanyamaza. Bomba halikupanda wala halikushuka wala halikuzunguka. Presha ya pampu ikaruka, maana hata tope halikuwa na njia ya kurudi.

Wakati ule ule wakasimamisha kila kitu wakatazama kama kisima kinatoa chenyewe, kwa sababu kimo kikishuka, gesi hupata nafasi. Robo saa nzima watu kumi wanaangalia mdomo wa bomba bila kusema. Hakikutoa. Tulichopoteza kilikuwa chuma, muda na fedha, na hakuna aliyeumia. Namshukuru Mungu kwa hilo kila nikilikumbuka, kwa sababu njia ya kuelekea kwenye msiba ndiyo hiyohiyo; sisi tulisimama kituo cha kwanza.

Mwaka 2010 wengine hawakusimama. Kisima cha Macondo, Ghuba ya Meksiko, kilikuwa na kichochoro chembamba kiasi kwamba kilikomeshwa kwenye kina cha futi 18,360 badala ya zaidi ya 20,000 zilizokusudiwa; hakukuwa na nafasi tena kati ya tope la kuzuia na tope la kupasua. Tarehe 20 Aprili, shimo likiwa limeshawekewa kesingi na saruji, watu wa mtambo wa Deepwater Horizon walifanya jaribio la kuondoa msukumo waone kama kisima kimefungika. Bomba la kuchorongea lilionyesha presha ya 1,400 kwa kipimo cha Kimarekani, mahali palipotakiwa kuonyesha sifuri. Dalili ilikuwa mbele ya macho, imeandikwa kwa tarakimu. Ikapatikana maelezo ya kuifanya isiwe dalili, kazi ikaendelea, tope zito likabadilishwa kwa maji ya bahari. Usiku huo mtambo ulilipuka, wakafa watu 11.

Niliposoma ripoti zake sikuwaona kama wajinga. Niliwaona kama mimi kwenye machekeche, wameona kitu, wakakipa jina walilokuwa nalo karibu.

Ami aliporudi kutoka likizo nilimweleza yote. Nilidhani atanituliza, kwamba sikuwa na lugha, kwamba nilikuwa mdogo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza:

"Vipande vilikuwa wapi?"

"Kwenye machekeche, Ami."

"Na mkubwa?"

"Juu, ofisini."

"Ngazi zilivunjika?"

Sikujibu. Ngazi zilikuwa ishirini na tano, zilezile. Kipande kilikuwa mkononi mwangu nilipokuwa natafuta neno. Yule mkubwa, mpole na mjuzi, angekitazama kwa nukta moja na kujua, kwa lugha yake, bila mimi kufungua mdomo. Nilimfikishia hesabu yangu ya vile vipande, na vyenyewe vikabaki juu ya wavu.

Ami akaongeza jambo moja, akikoroga kahawa isiyohitaji kukorogwa. "Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hao walikuwa na bahati, mwanangu. Huku chini ukuta ukianguka, hakuna wa kushuka kuujenga."

Nilikaa kwenye kazi ile miaka mingi baadaye, nikawa fundi wa tope, nikajifunza maneno yote niliyoyakosa usiku ule. Yamenisaidia. Lakini nimewaona wenye maneno yote wakirudia kosa langu, kwa sababu neno la kitaalamu nalo hufanya kazi ya "vingi" ukilitumia kabla ya kutazama. Mtu anasema "kuta haziko imara," na papo hapo watu wote chumbani wanajua la kufanya, na hakuna aliyeshika kipande. Dawa za kuta zisizo imara ni mbili, na moja ni sumu ya nyingine. Nguvu zaidi humsaidia aliyezidiwa na mzigo. Aliyekuwa na ufa wa zamani, nguvu zaidi zinaupanua. Nimekuja kuliona hili nje ya visima pia, kwa watoto na kwa ndoa, ila hayo kila mtu atajijazia.

Sasa niko nyumbani, na mara chache kwa mwaka naitwa kusini kuzungumza na vijana wanaosomea gesi. Wamekulia karibu na Mnazi Bay, au na Songo Songo ambako gesi ilipatikana tangu mwaka 1974, na wanajua kutaja kina cha visima vya bahari kuu kuliko nilivyojua mimi nikiwa na umri wao. Nachukua kopo la maziwa ya unga lenye vipande nilivyotunza, namwaga mezani, nawaambia machekeche yameanza kuleta hivi, mimi ndiye mkubwa wa zamu, niko chumba cha pili. Kisha natoka, nafunga mlango, nakaa na simu ya upepo ya bandia.

Karibu kila mara simu inalia kwanza. Vipande vimeongezeka, mwalimu. Kuna dalili ya kuta kutokuwa imara, mwalimu. Tunapendekeza kuongeza uzito, mwalimu. Nawajibu asante, na naongeza uzito, kisha narudi kuwahadithia kilichotokea.

Mwaka jana simu haikulia. Nilikaa pale mpaka nikadhani wameondoka kwenda kula. Kisha mlango ukasukumwa kwa bega, kwa sababu mikono yote miwili ya binti aliyeingia ilikuwa imekingwa, na ndani yake kuna kigae kimoja cha Nahr Umr. Hakusema kitu. Alinyoosha viganja, akasubiri nitazame.

"Tope liwe palepale," nikasema.

"Ndiyo, mwalimu," akasema, akarudi kwa wenzake.